Hesabu za Damalie na Kikapu cha Akongo

3 Machi 2025
Damalie alifika jana kutoka Kampala, mkoba mmoja wa nguo na miwili ya karatasi. Atakaa nami hapa Sop Sop mpaka Juni akimalizia sura ya mwisho ya kitabu chake, kisha tarehe 25 Juni atasimama mbele ya maprofesa wamhoji. Akipita ataitwa Daktari Damalie Okochi. Nimenunua daftari hili leo sokoni Tororo ili niandike msimu wote, maana siku watakapokuja kuniuliza daktari huyu alilelewaje, sitaki nianze kukuna kichwa. Mimi nilisoma Busia upande wa Kenya mpaka darasa la saba, na insha zangu mwalimu alikuwa akizisoma mbele ya darasa. Kwa hiyo naandika kwa Kiswahili, na naandika vizuri.

5 Machi
Nimemuuliza anasoma nini hasa. Zamani nilikuwa najibu watu "hesabu," lakini kwa mtoto anayekaribia kuitwa daktari jibu hilo ni dogo.

Akanieleza tukichambua mbegu za wimbi. Mwili umejengwa kwa seli, nyingi kuliko punje zote za wimbi katika Uganda. Seli ikichakaa au ikiharibika hupewa amri ya kufa, nayo hutii. Hujikunja yenyewe taratibu, bila kuwachafulia majirani. Akasema hata vidole vya mtoto tumboni huanza vikiwa vimeshikana, halafu seli za katikati zinakufa kwa amri hiyo, vidole vinaachana. Nilikumbuka alipozaliwa nilivyovihesabu vile vidole, na baba yake, marehemu Vincent, akavihesabu tena kwa sababu hakuniamini.

Seli inayokataa amri ndiyo inaweza kugeuka kansa. Sasa, ndani ya seli, amri hiyo hupita kwa vitu vingi vinavyogusana, hiki kinaamsha kile, kile kinazuia hiki. Watu wa sayansi wameviandika kwa milinganyo thelathini na mmoja. Kazi ya Damalie ni kuipunguza ibaki michache ambayo mtu anaweza kuishika kichwani, na jibu lisibadilike.

"Ukipunguza, dawa inapatikana?" nikamuuliza.

Akasema labda, siku moja, baada ya miaka mingi na mikono ya watu wengi, itasaidia wale wanaotafuta dawa. Yeye anafanya hesabu tu. Kwa kompyuta.

9 Machi
Kanisani Laban, katekista wetu, aliniomba nisimame niwaambie watu mgeni wangu anafanya nini. Nilisema mwanangu anachunguza kansa kwa hesabu. Walipiga makofi. Ningesema mengine lakini Laban alikuwa anaangalia saa.

14 Machi
Mvua. Tumepanda wimbi lote la shamba la juu.

15 Machi
Mvua tena. Damalie amebaki na milinganyo ishirini na sita.

21 Machi
Leo tulipanda njugu shambani kwa Akongo. Akongo na mimi tumetoka Busia pamoja, wasichana wa Kiteso wawili, tukaolewa huku na wanaume ambao walikuwa marafiki. Tulipokuwa wadogo tulivuka mpaka kila asubuhi kwenda shule, viatu mkononi ili visichafuke, na askari alikuwa anatujua kwa majina. Siku hizi pale kuna majengo makubwa na kamera. Zamani palikuwa na kamba, na wakati mwingine hata kamba haikuwepo.

Tulipopumzika kula, Akongo alichukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kulia, juu ya nguo. Kuna kitu. Kigumu, kama njugu isiyomenywa. Hospitali ya Tororo wamempa barua aende Mbale akapimwe. Barua anayo tangu Februari, ameikunja ndani ya Biblia. Anaogopa kukatwa.

Nilimwona uso wake, nikashindwa kuuvumilia. Nikamwambia asihangaike, Damalie wangu yuko kwenye dawa ya jambo hilohilo, anamaliza Juni.

"Juni hii?"

"Juni hii."

Akavuta pumzi, akala muhogo wake wote. Nilimwambia Mbale pia aende, akasema ataipanga safari. Nimerudi nyumbani moyo mwepesi. Kumtuliza mtu ni kazi pia.

2 Aprili
Akongo ameleta kikapu cha mayai, kumi na mawili. Hakusema ya nini, na kwetu hatuulizi. Anayeleta kitu anajua sababu yake, na ukimuuliza umemwambia kwamba humtegemei mema. Lakini kikapu cha jirani hukirudishi hivihivi. Ukirudisha na kitu ndani, umepokea kwa moyo, na kama alikuwa na neno, umelikubali. Nimemrudishia na sukari. Aliishika mikono yangu kwa muda mrefu pale mlangoni.

Hivi ndivyo watu wanavyomheshimu mtoto wangu. Hata hajapita.

6 Aprili
Baada ya ibada wanawake walinizunguka. Nilisema dawa ya kansa iko mbioni, na inatoka Sop Sop. Mke wa Laban akasema alijua tangu Damalie akiwa darasa la tatu. Mwongo. Darasa la tatu alitukuta Busia akamwita mtoto wangu mvivu kwa sababu alikuwa anakaa barabarani.

Hakuwa anakaa bure. Vincent alikuwa wa baiskeli, mmoja wa wale wa zamani waliokuwa wanavusha watu mpakani kwa kiti cha sponji nyuma, kabla pikipiki hazijaja. Tulikuwa tunapanga chumba Busia. Akienda kazini alimwacha Damalie kwenye kibanda changu cha chapati, akamwambia ahesabu malori yaliyopanga foleni kuvuka. Jioni akirudi anamuuliza: yangapi? Na kesho yatakuwa mangapi? Mtoto wa miaka sita akawa anasema yatakuwa mangapi, na mara nyingi anapata. Mimi nilidhani ni mchezo. Vincent alikuwa anamwangalia kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na anaogopa mwenyewe atakuja kukidai.

11 Aprili
Palizi. Mgongo.

13 Aprili
Palizi. Milinganyo kumi na tisa.

20 Aprili, Pasaka
Ecweru, mume wa Akongo, amekuja mwenyewe na jogoo ndani ya kikapu, yule mwekundu anayewika kabla ya wengine wote. Akasema, "Ni kwa ajili ya kazi ya mtoto." Akamsalimia Damalie kwa mikono miwili, mzee mzima. Damalie aliona haya, akakimbilia jikoni.

Jogoo tumempika. Kikapu nimekirudisha na mchele na kipande cha sabuni. Nilimuuliza Akongo habari za Mbale. Akasema, "Bado, tunasubiri." Hospitali kubwa ndivyo zilivyo, wanakupa tarehe ya mbali.

29 Aprili
Damalie amenuna. Anapunguza kwa namna yake: anatoa kitu kimoja, anairudia hesabu yote, anaangalia jibu. Kama halikubadilika, basi kile kilikuwa mzigo, anakiacha nje. Kuna mambo yanayokwenda haraka sana, anayahesabu kama yamekwisha tayari. Kuna ya polepole sana, anayahesabu kama yamesimama. Ilikuwa inakwenda vizuri. Jana akatoa kitu kidogo ambacho hakikuonekana kufanya lolote, na kwenye kompyuta seli zote zenye afya zikafa. Kumbe kilikuwa kinazuia amri isitoke bila sababu. Amekirudisha. Anaanza upya tangu kumi na nne.

Nilimpikia malakwang, ile mboga chachu ya kuunga kwa njugu. Alikula bila kuongea, kama baba yake.

4 Mei
Akongo ameleta njugu mbichi. Nimemrudishia majani ya chai. Aliuliza Damalie amefika wapi, nikasema imebaki kidogo sana, kumi na mmoja. Akauliza kumi na mmoja nini, nikasema wewe usijisumbue.

Anabeba kikapu kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia, siku hizi umekuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alitabasamu tu.

12 Mei
Mvua ya mawe. Wimbi limelala lakini halikuvunjika.

15 Mei
Mitano! Damalie amefika mitano. Alitoka nje akazunguka nyumba mara mbili bila viatu. Anasema milinganyo mitano inajibu sawa na ile thelathini na mmoja, na profesa wake ameandika kwamba ni kazi safi. Nimekwenda mpaka kituo cha biashara Mulanda kutafuta nyama. Muuza nyama nimemwambia ni ya nini. Na mwenye pikipiki. Na mwanamke mmoja ambaye simjui.

19 Mei
Nataka kuandika hii kama ilivyokuwa.

Nimerudi kutoka shambani saa kumi. Damalie alikuwa amekaa barazani, kompyuta imefungwa. Kikapu cha Akongo kilikuwa kando yake, na ndani mna kitenge kipya, bado na mikunjo ya dukani. Nikaanza kusema lo, Akongo naye, lakini Damalie hakunipa nafasi.

"Mama Akongo alikuwa hapa. Ameniuliza dawa yake ni ya kumeza au ya sindano."

Nikakaa.

"Amesema anaomba ya kumeza, kama inawezekana. Mama, umewaambia watu mimi nafanya nini?"

"Ukweli."

"Ukweli upi?"

Nikasema nimeufupisha tu. Watu wana mashamba, wana watoto, hawana nafasi ya kusikia kitu kirefu. Hata yeye kazi yake si kufupisha?

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Mimi nikitoa kitu narudi kuangalia jibu, Mama. Wewe uliangalia?"

Kisha akanieleza mengine. Akongo hajaenda Mbale. Hana tarehe yoyote anayoisubiri. Anasubiri Juni yangu. Uvimbe umekuwa kama yai, na mkono wa kulia hauinuki vizuri. Mayai, jogoo, njugu, kitenge, vyote vilikuwa ombi, asisahauliwe dawa ikitoka, asiwekwe nyuma ya watu wa Kampala. Na kila kikapu nilichokirudisha na kitu ndani, Akongo na Ecweru walikaa wakaambiana, amekubali.

Nimekaa hapa najaribu kukumbuka nilichokitoa, na lini. Kwanza nilitoa kompyuta. Kisha nikatoa hesabu. Kisha "miaka mingi," maana ilikuwa inapoza maneno. Mwisho nikatoa "labda." Neno dogo, halikuonekana kufanya lolote.

Nimemfikiria Vincent pia, na sipendi kumfikiria hivi. Ule mwaka alipoanza kukohoa damu alisema tuvune kwanza. Nikasema sawa, tuvune kwanza. Tulivuna vizuri sana mwaka ule.

20 Mei
Nilitaka Damalie aje nami, aeleze yeye, kwa sababu anajua kueleza. Akasema, "Maneno yalikuwa yako, Mama." Nikaenda peke yangu, na kile kitenge mkononi na kikapu kitupu.

Akongo alikuwa anachagua maharage. Ecweru anashona mkeka. Nilikaa chini kabla hawajanikaribisha.

"Akongo, dawa hakuna. Haijawahi kuwepo. Damalie anafanya hesabu, na mimi nilijisifu."

Aliendelea kuchagua. Mabovu huku, mazima kule. Ecweru ndiye aliyesimamisha sindano.

"Na sukari?" Akongo akauliza.

"Sukari ilikuwa shukrani ya mayai."

"Ulinirudishia kikapu mara tatu, Ariokot."

"Mara tatu."

"Tangu tunavuka mpaka na viatu mkononi, hujanidanganya isipokuwa kwa habari za wanaume." Akapepeta kidogo. "Kwa hiyo jogoo wangu mlimla?"

"Tulimla."

"Alikuwaje?"

Sikuweza kumdanganya tena hata kwa hilo. Nikasema alikuwa mtamu sana. Ecweru akageuza uso ukutani, sijui alikuwa anacheka au nini. Akongo hakucheka. Nilimwomba twende Mbale kesho, nitamshika mkono, nitamchukulia kila kitu.

"Mimi nakwenda," akasema. "Lakini si na wewe."

Kitenge alikichukua, na kikapu chake. Maharage hakunipa hata punje.

21 Mei
Nimewaona wakipanda pikipiki asubuhi, Akongo katikati. Nilisimama nyuma ya ghala mpaka vumbi likatulia.

25 Mei
Nimemwomba Laban dakika mbili. Nilisema mbele ya watu wote kwamba nilichosema Machi na Aprili hakikuwa sawa, na mwenye barua ya hospitali nyumbani asimsubiri mtu wa ukoo wangu. Hakuna aliyepiga makofi. Nikiwa natoka, mzee mmoja ambaye sikujua ana barua aliniuliza, polepole, basi yeye aende wapi. Damalie ndiye aliyekaa naye.

3 Juni
Siku ya Mashahidi wa Uganda. Mwaka ule tuliokwenda na Akongo kwa miguu mpaka Tororo kusali, tulilala kwa shangazi yake chini ya lile jiwe kubwa, tukacheka mpaka tukafukuzwa kulala jikoni. Sijui tulichekea nini.

8 Juni
Tumeanza kuvuna wimbi, kwa kisu, suke moja moja. Tulikuwa tunavuna pamoja, leo kwake na kesho kwangu. Mwaka huu kila mtu yuko upande wake wa mpaka wa shamba. Namsikia Ecweru akipiga mluzi.

12 Juni
Ecweru amekuja. Majibu yametoka. Ni kansa. Wanaweza kumfanyia upasuaji na dawa baadaye. Nilimuuliza Ecweru daktari alisema nini kuhusu kuchelewa. Akasema daktari hakumgombeza mtu, alisema tu uvimbe umefika kwapani, na angependa angeuona tangu mwezi wa tatu.

Upasuaji ni tarehe 25.

Wodi ile ni ya wanawake, anahitajika mwanamke wa kumwuguza, kumpikia, kumwosha. Binti yao yuko Soroti, amejifungua juzi. Ecweru alisema hayo akiangalia miguu yake. Akasema Akongo hajamtuma.

13 Juni
Tarehe 25 ni ya Damalie. Gomesi yangu, gauni la sherehe, iko tayari kwa fundi tangu Aprili, ya rangi ya chungwa, na mkanda unaong'aa. Nilishajiona nimekaa mstari wa mbele. Vincent hayupo, basi angalau mimi niwe wawili.

14 Juni
Nimemwambia Damalie naenda Mbale. Nilitegemea angebisha. Akasema maprofesa hawakuwa na swali lolote la kuniuliza mimi. Kisha akaja akakaa karibu, akaegemeza kichwa begani kwangu, mzito kama alipokuwa wa miaka sita na malori yameisha.

23 Juni
Wodini. Akongo aliponiona na masufuria yangu alisema, "Nani amekuita?" Nikasema hakuna. Akasema, "Uji wako huwa na mabonge." Nikawasha jiko.

24 Juni
Uji ulikuwa na bonge moja. Alilitoa akaniwekea kando ya sahani nilione.

25 Juni
Wamemchukua saa tatu asubuhi. Saa nne Damalie aliingia kwa maprofesa wake. Nimekaa kwenye benchi la nje na simu mapajani, sina la kufanya kwa mikono, nikaandika hapa majina ya wasichana wote wa darasa letu la saba. Nimewapata ishirini na watatu. Akongo angewapata wote.

Saa saba simu ililia. Damalie alikuwa analia na kucheka, nikajua. Mwanamke wa benchi la pili aliniuliza kuna habari njema? Nikasema ndiyo, ya nyumbani. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, lakini niliishia hapo.

Saa nane wakamrudisha Akongo. Midomo imepauka, kifua kimefungwa. Daktari alisema wametoa walichokiona, na mengine yatajulikana kwa dawa na muda. Nilimlowanisha midomo kwa pamba. Jua lilikuwa linateremka alipofungua macho.

"Mtoto?"

"Amepita."

Akafumba macho. Nilidhani amelala tena.

"Haya, jisifu," akasema. "Leo nakuruhusu. Lakini sema yote."

Nikasogeza kigoda. Nikamweleza tangu mwanzo kabisa, kitu kimoja baada ya kingine, na kila palipokuwa na labda nikaiweka. Ilikuwa ndefu kweli. Alilala kabla sijafika katikati, mkono wake wa kushoto umeshika wangu, na mimi nikaendelea mpaka mwisho.